Mwalimu wa Hesabu Amepanda Boda Yangu

Wenzangu wa boda stegini hapa Kondele, Kisumu, wakimwona yule mzee wa mwavuli anakuja, wananisukumia mimi. "Mwalimu wako huyo." Na kweli ni wangu. Alinifundisha Hesabu kule Vihiga, darasa la sita hadi la nane, kisha akastaafu akaja kujenga Mamboleo, kana kwamba Kenya nzima haina kiwanja kingine. Mimi nina watoto watatu na mvi kidevuni, lakini akinikaribia bado natoa mikono mfukoni. Juzi nilijikuta nimesimama wima kando ya pikipiki, helmeti kifuani, kama vile anaingia darasani. Mama wa mandazi aliacha karai likaungua kwa kicheko.

Shida yangu ni kwamba nilizaliwa kwa haraka. Nilifanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, mwaka 2000, ile ya alama 700. Mwaka 2001 serikali ikapiga marufuku kiboko. Mwaka mmoja tu, jamani! Mimi niliyekuwa nikirudishwa nyumbani kufuata pesa za mtihani, 2003 nikasikia elimu ya msingi imekuwa bure. Halafu 2023 hiyo KCPE yenyewe ikafanywa mara ya mwisho. Kila kilichonitesa kilingoja nitoke langoni ndipo kife. Sasa kitinda mimba wangu yuko kwenye mtaala mpya, CBC. Alikuja na agizo kwamba watengeneze sanamu ya kutishia ndege. Watengeneze nani? Nilishinda Jumamosi nzima nikifunga nyasi, na shati langu la kanisani ndilo lililovishwa sanamu. Yaani nilichapwa zamu ile, na homuwaki ya zamu hii pia ni yangu.

Watu wakikumbuka shule husema walifunzwa nidhamu, sijui heshima. Mimi kilichonishika ni diski. Ilikuwa kipande cha ubao chenye kamba, kamba yenyewe nyeusi kwa jasho la shingo za watu. Ukisikika ukiongea lugha ya nyumbani unavishwa, na huivui mpaka umnase mwingine akiteleza. Atakayelala nayo, asubuhi yake ni ya kiboko. Basi nilijifunza kumkanyaga mtu kidole cha mguu, maana mtu akikanyagwa hulia kwa lugha ya mama yake. Siku moja nilimkanyaga kiranja. Alilia vizuri sana. Na mkija stegini kwetu mtaona diski bado inazunguka: mwenyekiti akiuliza nani hajatoa mchango wa wiki, kila mtu anamgeukia jirani yake.

Hesabu ndiyo niliyodhani nimeiacha kule. Mpaka Jumanne.

Nimemfikisha Mzee kwake Mamboleo, nikamwambia, "Mia moja, Mwalimu." Najua ilikuwa juu kidogo. Lakini alifungua mwavuli tukiwa njiani, tukavutwa nyuma kama tuna parachuti.

"Onyesha njia," akasema.

Nikadhani amepotea, nikamwonyesha barabara ya kwake.

"Njia ya kupata hiyo mia moja! Jibu bila njia ni la kuibia."

Sikuwa na daftari, nikaandika kwa kidole kwenye vumbi la tangi. Kilomita nne, kwenda na kurudi nane. Lita moja inanipeleka 40. Petroli tuseme 180. Nane kwa arobaini… hapo nikakwama. Jua linachoma, mzee amesimama nyuma ya bega langu akipumua kwa pua, vilevile, na ninawaapia makalio yalianza kujikunja yenyewe, yakijiandaa kwa kiboko. Kisha ikatoka: moja ya tano. Moja ya tano ya 180 ni 36. Kumbe ilikuwa humo ndani muda wote imekaa kimya! Nikaongeza oili 10, mkopo wa pikipiki 30, jumla 76. Zile 24 zilizobaki nikaandika "nyinginezo".

"Nyinginezo ndiyo nini?"

"Ni chai, Mwalimu."

Hakuuliza ni chai ya nani. Aliinama, akatia alama ya vema kwenye 36, akazungushia duara "nyinginezo", na chini yake akaandika 6/10, akaipigia mistari miwili.

"Umejitahidi. Mwandiko bado ni wa kuku."

Akatoa pochi, akahesabu polepole, akanipa 60.

"Mwalimu, ilikuwa mia."

"Sita kwa kumi ya mia ni ngapi?"

Mdomo ukajibu kabla sijauzuia. "Sitini, Mwalimu."

"Vizuri. Kaa chini."

Nikakaa kwenye pikipiki.