Mgeni Njoo, Lakini Upitie Nairobi

Kila waziri mpya wa utalii anapoteremka Mombasa, wenye hoteli wa Pwani humkumbusha ombi lao la miaka nenda miaka rudi: fungueni anga. Wanataka mashirika ya kigeni yaruhusiwe kutua uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, kwa safari nyingi kadiri abiria watakavyokuwepo, si kwa idadi ya kugawiwa kwa wiki. Wanaowapinga wanasema hilo ni kulichinja shirika la taifa, Kenya Airways, kwa faida ya wageni.

Hoja ya wapinzani hupuuzwa sana huku kwetu, na si haki. Kenya Airways ilizaliwa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika. Mwaka 1996 ikabinafsishwa, shirika la ndege la Uholanzi, KLM, likachukua asilimia 26, na kwa miaka kadhaa ikawa fahari ya bara zima. Kisha madeni yakaivunja mgongo. Mwaka 2017 sehemu ya madeni hayo ikageuzwa kuwa hisa: serikali ikabaki na asilimia 48.9, mabenki 38.1. Mwaka 2022 hasara ilifika Sh38.3 bilioni. 2024 ikapata faida ya Sh5.4 bilioni, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, na watu wakapiga vigelegele. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya Sh12.2 bilioni, ndege zake tatu kubwa aina ya Boeing 787 zikiwa zimeegeshwa.

Biashara hii haina huruma. Ndege hukodiwa kwa dola, mafuta hununuliwa kwa dola, vipuri vivyo hivyo. Tiketi ya kwenda Nairobi inalipwa kwa shilingi, na ikipanda sana abiria anakwenda zake Miritini kupanda treni. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh160. Juu ya hayo, ndege itokayo London haijazwi na watu wa Nairobi peke yao. Ndani yake kuna wa Entebbe, wa Kigali, wa Mombasa. Ukiwatoa wa Mombasa ukawapa shirika jingine, viti vinabaki wazi, na safari inayoanza kufa ni ile iliyokuwa ikijikongoja tangu zamani.

Kuna na jambo ambalo wenye hoteli hawapendi kukumbushwa. Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake wasije Mombasa, kampuni za utalii za Thomson na First Choice ziliwaondoa watalii wao kwa ndege na kufuta safari hadi Oktoba. Ndege ya kukodi haina mkataba na ufukwe wa Bamburi. Ikiona moshi inageuza. Msimu ule kuna wahudumu wa hoteli walioambiwa waende likizo bila malipo, na wengine hawakuitwa tena.

Hata hivyo, ukisikiliza hoja ya kulilinda shirika la taifa hadi mwisho, utajiuliza: kinacholindwa hasa ni nini? Mtalii wa Ulaya aendaye Zanzibar anaweza kushuka palepale kisiwani, jioni akawa miguu iko mchangani. Anayekuja Diani, kusini mwa Mombasa, mara nyingi hupitia Nairobi, hubadilisha ndege, hushuka Moi, na bado ana kivuko cha Likoni au mzunguko wa Dongo Kundu mbele yake. Tanzania nayo ina shirika la taifa, ililolifufua 2016 kwa ndege mpya na fedha za umma, lakini haikuifanya Dar es Salaam kuwa mlango wa lazima wa kuingilia Zanzibar.

Wala si watalii tu. Mfanyabiashara wa Biashara Street afuataye mali Dubai anajua tofauti. Akikata tiketi mbili mbalimbali, kilo alizoruhusiwa kutoka Dubai si zile atakazoruhusiwa kutoka Nairobi, kwa hiyo mabegi huishia kwenye buti la basi la usiku. Ndiyo maana flydubai ilipoanza kuja Mombasa Januari 2024, furaha haikuwa ya wenye hoteli peke yao.

Kwa kweli anga yenyewe haijafungwa kabisa. Turkish wanakuja, Ethiopian wanakuja, RwandAir vilevile. Na Kenya imo katika soko la pamoja la anga la Afrika lililozinduliwa Januari 2018. Kinachobishaniwa ni idadi ya safari na nani apewe, na hapo ndipo serikali huamua kesi moja moja, polepole, bila wananchi kuelezwa kwa nini huyu kapewa na yule kanyimwa.

Mimi naona ulinzi una maana pale shirika la taifa linaporuka lenyewe. Kama Kenya Airways ina ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa kwenda mji fulani, na ibishaniwe. Kama haina, kumzuia mwingine ni kulinda foleni ya Nairobi. Lakini ruhusa isiwe ya bure. Anayetaka kuleta ndege kila siku mwezi wa Desemba, kaskazi ikivuma na hoteli zimejaa, na alete angalau mbili kwa wiki mwezi wa Mei, mvua ikinyesha na mwani umejaa ufukweni. Mashirika yatalalamika, na yana sababu, maana viti vitupu ni hasara. Basi hapo ndipo pa kutumia fedha za umma. Kenya iliwahi kuziondolea ndege za kukodi ada za kutua na kulipa dola 30 kwa kila mtalii. Msaada wa aina hiyo ungeelekezwa kwenye masika, kwa sababu Desemba watakuja hata usipowalipa.

Magavana wa Pwani wanalisema hili kwa sauti kubwa, lakini katiba ya 2010 imeuweka usafiri wa anga mikononi mwa serikali kuu. Wenye nafasi ya kumwita waziri wa uchukuzi na kumtaka aweke mezani maombi yaliyokataliwa, na sababu zake, ni wabunge wa Pwani.