"Ni damu yetu" si jibu la presha

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi kliniki. Kipimo kilisoma 172 kwa 104. Muuguzi akaandika kwenye kadi, kisha akamwambia kwa upole kabisa: "Sisi watu weusi, mama, presha tunazaliwa nayo." Shangazi akatikisa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu. Jioni ile aliongeza chumvi kwenye mchuzi kama kawaida. Kama tatizo ni damu, chumvi ina kosa gani?

Kauli ile inaniuma, kwa sababu ushahidi wa kuipinga umetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 daktari mmoja wa kikoloni, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, huko Kisii, aliandika kwamba kati ya wagonjwa 1,800 hivi waliolazwa kwake katika miaka miwili hakukuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda.

Halafu mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake wakachapisha utafiti wa Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Mwezi mmoja tu mjini, presha za waliohama zilikuwa zimeshapanda kuliko za waliobaki. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, nyingi zaidi, na potasiamu, madini ya kwenye mboga na matunda, kidogo, na mapigo ya moyo yalienda kasi. Mtu hapandi basi Kisumu akashukia Nairobi na vinasaba vingine. Kilichobadilika ni chakula, na bila shaka mahangaiko ya kutafuta riziki nayo yamo.

Ng'ambo hadithi ni ile ile. Richard Cooper na wenzake walipima watu wenye asili ya Afrika Magharibi, wakatoa matokeo mwaka 1997: presha ilikuwa kwa takriban asilimia 16 Afrika Magharibi kwenyewe, 26 katika Karibi, 33 Marekani. Ukoo mmoja, viwango vitatu. Mwaka 2005 wakaongeza Wazungu katika ulinganisho: kwa watu wa makamo, Ujerumani ilifika asilimia 55, Wamarekani weusi 44. Mbona hatusikii mtu akimwambia Mjerumani kwamba presha ni ya damu yake?

Sisemi vinasaba havina kazi. Ndani ya jamii moja, huenda theluthi moja hadi nusu ya tofauti za presha kati ya mtu na mtu ni ya kurithi, na wanasayansi wameshapata zaidi ya sehemu elfu moja za vinasaba zinazochangia, kila moja kwa kiasi kidogo mno. Ila wengi wa waliopimwa ni wenye asili ya Ulaya, na hilo ni pengo la kuzibwa kwa fedha na maabara zetu.

Tazama kinasaba cha APOL1. Mwaka 2010 iligundulika kwamba aina zake mbili zinazowakinga watu dhidi ya vimelea vya malale huwaongezea hatari ya figo kuharibika, endapo mtu amezirithi kwa baba na kwa mama pia. Figo na presha ni mtu na nduguye. Aina hizo zimejaa kwa Wayoruba wa Nigeria, lakini Waethiopia waliopimwa hawakukutwa nazo. Sasa huyo "mtu mweusi" wa yule muuguzi ni nani?

Kilicho muhimu kwa shangazi ni tiba iliyojaribiwa kwa watu kama yeye. Jaribio lililotangazwa mwaka 2019, lenye wagonjwa 728 katika nchi sita zikiwemo Kenya na Uganda, lilionyesha kwamba mchanganyiko wa dawa mbili wenye amlodipini, dawa ya presha, ndani yake ulishusha presha vizuri zaidi ya ule usio nayo. Nilimweleza hivyo, na habari za Wajaluo nikampa zote. Jana amenipigia simu kuuliza kama samaki wa ng'onda nao wanahesabika kwenye chumvi. Nimemwambia wanahesabika, tena sana. Akanyamaza kidogo, akasema basi atawaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake.