Mike Martin: ushindi 2,029 bila kombe la Omaha, tumpime vipi?

Likitajwa jina la Mike Martin mbele ya watu wanaofuatilia besiboli ya vyuo vya Marekani mjadala lazima uwake, na kiukweli kila upande una hoja zake za maana. Huyu mzee alikuwa kocha mkuu wa Florida State, kule Tallahassee, kuanzia 1980 mpaka 2019, misimu 40 chuo kimoja, akashinda gemu 2,029, na kwenye daraja la kwanza la vyuo hamna kocha mwingine wa besiboli aliyefika hapo. Alafu kwenye misimu yote hiyo hakubeba ubingwa wa taifa hata mara moja. Alipeleka timu Omaha, mji zinakopigwa fainali za taifa, mara 17 na mara zote 17 akatoka kapa. Alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 79 ila ubishi haujaisha, na mi naona una haki ya kuendelea kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo kila chuo kinachotafuta kocha lazima kilijibu, unataka mtu wa kukuletea kombe au mtu wa kukujengea timu isiyoshuka?

Kwa ambao hawaifuatilii sana niweke mambo sawa kwanza. Timu ya chuo inacheza gemu kama 56 za msimu wa kawaida, baada ya hapo zinachaguliwa timu 64, zinachujana wiki mbili, zinabaki nane ndo zinaenda Omaha, Nebraska, ambako fainali zinapigwa tangu 1950. Pale Omaha ukifungwa mara mbili kwenye kundi lako unafungasha. Kwa mtu wa soka ni kama ligi na kombe, kuna timu inakusanya pointi mwaka mzima lakini ikifika kwenye mtoano inakutana na kipa aliyeamka vizuri siku hiyo basi imeisha.

Sasa wanaomtetea Martin wanaanzia hapa: misimu 40, kila msimu ushindi usiopungua 40, na hakuna mwaka hata mmoja alioikosa mechi za mchujo wa taifa. Ukitaka kujua uzito wa hilo angalia besiboli ya vyuo inavyofanya kazi. Kijana akishajiunga na chuo cha miaka minne anaruhusiwa kuchukuliwa na timu za kulipwa baada ya mwaka wa tatu au akifikisha miaka 21, kwa hiyo wale wazuri kabisa unakaa nao miaka mitatu tu wanaondoka, na wale wazuri zaidi wanachukuliwa wakitoka sekondari hata chuoni hawafiki. Juu ya hapo kwa miaka mingi sheria ilikuwa timu nzima ina skolashipu 11.7, sio kumi na moja za watu kumi na moja, ni hela ya skolashipu 11.7 unaikata vipande vipande unawagawia watu 27, huyu nusu huyu robo, kwahiyo kocha anakaa sebuleni kwa mzazi anamuomba amlete mwanae huku akimwambia ada nyingine utamalizia wewe. Ni kweli Florida walikuwa na afadhali, kuna joto mwaka mzima na tangu 1997 jimbo lina ufadhili wake wa Bright Futures unaowalipia ada wanafunzi wa hapo wenye alama nzuri, hilo wapinzani wanalisema na wako sahihi. Ila vyuo vingine vya Florida navyo vilikuwa na joto hilohilo na ufadhili huohuo, na hakuna kilichofanya alichofanya Martin kwa miaka 40 mfululizo.

Angalia kwa mfano Buster Posey. Alikuja Tallahassee akiwa shotistopu, ule upande kati ya beisi ya pili na ya tatu, na mwaka wake wa kwanza 2006 alicheza vizuri tu, mtu mwingine angemuacha hapohapo. Wao wakambadilisha wakamfanya mdakaji, mtu anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuongoza mtupaji arushe nini, kazi ngumu kuliko zote uwanjani na kijana alikuwa anajifunza mwanzo mwanzo. Mwaka 2008 akachukua tuzo ya Golden Spikes, ambayo ndo ya mchezaji bora wa vyuo, na mwaka huohuo kuna gemu alicheza nafasi zote tisa. San Francisco Giants, timu ya kulipwa, wakamchukua akiwa chaguo la tano kwa vijana wote wa mwaka ule, akaenda kubeba mataji matatu ya dunia, 2010, 2012 na 2014. Hiyo ndo naita kujenga, unamuona kijana vile anavyoweza kuwa sio vile alivyokuja, na Posey hakuwa wa kwanza kupitia hapo, J.D. Drew aliibeba tuzo hiyohiyo 1997 na Mike Loynd 1986.

Haya, upande wa pili. Wanaompinga Martin hawahitaji maneno mengi, wanakuwekea jina moja tu, Skip Bertman wa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Bertman alikaa Baton Rouge, mji wa LSU, misimu 18, 1984 hadi 2001, akashinda gemu 870, hata nusu ya Martin hajafika. Lakini alienda Omaha mara 11 akarudi na makombe matano, 1991, 1993, 1996, 1997 na 2000, alicheza fainali tano akashinda zote tano. Martin alicheza fainali mbili, 1986 akapigwa na Arizona 10-2, na 1999 akapigwa na Miami 6-5. Hapo mtu anakuuliza, hivi kwa kazi ya kocha wa juu, nani alimaliza kazi?

Na hoja yao haiishii kwenye hesabu ya makombe, inaingia kwenye mchezo wenyewe na hapa ndo mi naona wana nguvu zaidi. Timu za Martin zilisifika kwa uvumilivu wa kupiga, mpigaji haukimbilii mpira mbovu, anasubiri mtupaji akosee mara nne apewe beisi ya bure, beisi zinajaa, mtupaji anachoka, pointi zinaingia. Mkakati huu ni mzuri sana kwa gemu 56 kwa sababu timu nyingi hazina watupaji wa kutosha, Jumapili, gemu ya tatu ya wikiendi, unakutana na mtupaji wa tatu wa timu pinzani na unamla taratibu. Ila Omaha kila timu inakuja na vichwa vyake, watupaji ambao hawakupi hizo beisi za bure, na tangu 2011 wanacheza kwenye uwanja mkubwa ambao mpira wa juu unafia kwa walinzi wa nyuma. Chukua safari ya mwisho ya mzee 2019. Waliifunga Arkansas 1-0, wakafungwa na Michigan 2-0, wakafungwa na Texas Tech 4-1. Gemu tatu, pointi mbili. Hiyo huwezi kuiita bahati mbaya peke yake, hiyo ni timu iliyokutana na watupaji ambao njia yake ya kawaida haiwawezi.

Lakini na mimi niwaulize wanaopinga, bahati mmeipigia hesabu? Tuseme timu nane za Omaha zote ziko sawa, kila moja ina nafasi moja kati ya nane. Mtu akienda mara 17 ungetegemea apate kama makombe mawili, na uwezekano wa kukosa yote 17 ni kama asilimia 10. Asilimia 10 ni ndogo ila sio muujiza, kati ya makocha kumi wa aina ya Martin mmoja angemaliza hivihivi bila kosa lolote. Na huyo Bertman, kombe la 1996 lilikuja vipi? Iningi ya tisa, yaani awamu ya mwisho ya gemu, LSU wako nyuma 8-7 dhidi ya Miami, wametoka wachezaji wawili bado mmoja gemu iishe, anasimama Warren Morris ambaye msimu mzima alisumbuliwa na jeraha la mkono na hajapiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja hata mara moja, anapiga mpira wa kwanza kabisa unapita juu kidogo tu ya ukuta wa kulia, pointi mbili, 9-8, ubingwa. Ule mpira ungeshuka hatua chache kabla ukadakwa, leo Bertman ana manne, na Miami wana moja zaidi, na hakuna mtu angesema Bertman alikosea kujenga. Fainali ya 1999 Martin naye alikuwa na Marshall McDougall, kijana aliyevusha ukuta mara sita kwenye gemu moja msimu uleule, akachaguliwa mchezaji bora wa Omaha nzima, na bado timu yake ikalala kwa pointi moja.

Kuna kitu kingine ambacho huwa kinasahaulika, Florida State ilikuwa na huu mkosi kabla Martin hajawa kocha. 1970 walifika fainali wakacheza na USC, chuo cha Southern California kilichokuwa na kocha Rod Dedeaux, iningi 15 wakafa 2-1. Martin mwenyewe alienda Omaha akiwa mchezaji 1965 wakakosa. Na baada yake bado. Kwahiyo kumbebesha yeye mzigo wote sio haki.

Ila kwenye baada yake ndo kuna lawama ambayo mimi naikubali. Programu ikijengwa juu ya mtu mmoja kwa miaka 40 inazoea sura yake. Kiti kilienda kwa mwanae, Mike Martin Jr., msaidizi wa siku nyingi aliyekuwa na mchango mkubwa kwenye usajili. Mwaka wa kwanza korona ikakata msimu, baada ya misimu mitatu chuo kikamuondoa 2022. Akaja Link Jarrett, shotistopu wa zamani wa mzee, na 2023 ikawa ushindi 23 na vipigo 31, mfululizo wa kwenda mchujo ulioanza kabla hata ya Martin ukavunjika. Timu isiyoshuka ikashuka miaka minne tu baada ya mwenyewe kuondoka. Hapo LSU inaipiku Florida State, Bertman aliondoka na makombe yakaendelea kuja, 2009 kwa Paul Mainieri, 2023 na 2025 kwa Jay Johnson.

Jarrett aliinuka haraka lakini, 2024 akaipeleka timu Omaha, miezi minne tu baada ya mzee kufariki. Gemu ya kwanza wanaongoza Tennessee 11-8 wanaingia nusu ya mwisho ya iningi ya tisa, wakafungwa 12-11. Wakapigana wakarudi mpaka nusu fainali, wakakutana na Tennessee ileile, 7-2, nje. Tennessee ya Tony Vitello ndo ikabeba kombe mwaka ule. Safari ya 24 ya Florida State, sifuri ikabaki palepale.

Na Vitello huyo, Oktoba 2025 Giants walimchukua kuwa meneja wao, moja kwa moja kutoka chuo, na aliyekuwa anaongoza shughuli za besiboli pale Giants ni Posey wa Martin. Miaka minane Knoxville, mji wa chuo cha Tennessee, kombe moja, kaondoka. Siku hizi mchezaji anahama chuo anavyotaka, analipwa kwa jina lake tangu 2021, kocha anaweza kununua ubingwa ndani ya misimu miwili mitatu, sioni tena chuo kitakachompa mtu miaka 40 bila kombe hata awe anashinda gemu 50 kila mwaka.

Mimi ningekuwa na chuo kisicho na jina ningempa Martin funguo bila kufikiria mara mbili. Ningekuwa na timu iliyokamilika na gemu moja ya fainali mbele yangu ningemwita Bertman. Wanaosema Martin sio mkubwa waangalie ule msimu wake wa mwisho, timu iliingia mchujo kwa kuponea chupuchupu ikiwa na ushindi 36, ikashinda tatu Georgia kwao, ikaenda Baton Rouge ikaifunga LSU mara mbili, na ushindi wa 40 wa msimu wa 40 ukapatikana hapo, kwenye uwanja wenye jina la Skip Bertman.