Dhoruba ikikata mlimani, usikurupuke kutoka hemani

Nimeshawaambia wengi ninaopanda nao na nitaendelea kusema: asubuhi ya kwanza ya jua baada ya dhoruba mi naiogopa kuliko dhoruba yenyewe. Dhoruba haihitaji mtu wa kukukataza, upepo unachapa hema usiku kucha unatulia mwenyewe ndani. Shida ni anga likishafunguka. Mmekaa mmebanana siku kadhaa, nguo hazikauki, siku za likizo zinayoyoma, halafu mnatoka nje kilele kile pale, cheupe pee, basi kila mtu anaanza kufunga begi na ukisema jamani tusubiri kidogo unaonekana mwoga.

Lakini anga kutulia si mlima kutulia. Theluji mpya inahitaji muda ishikane na ile ya chini yake, na maporomoko mengi ya theluji hutokea wakati wa dhoruba au ndani ya saa 24 hadi 48 baada yake. Na upepo nao unaikomba theluji upande mmoja wa mgongo wa mlima unairundika upande wa pili, kwahiyo ule mteremko laini unaovutia kuupita ndo mara nyingi umebeba mzigo mkubwa, hasa ukiwa na mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45.

Hata pasipo na theluji bado kuna mawe. Maji yameingia kwenye nyufa, usiku yanaganda na kutanuka kama asilimia 9, jua likipiga barafu inaachia na jiwe linashuka. Angalia chini ya genge kabla hujapita, ukiona mawe yenye pande safi zisizoota kitu, au vishimo na michirizi mipya, pita haraka au zunguka, usikae hapo kupiga picha. Na mto nao, asubuhi unafika kwenye vifundo vya miguu, jioni jua likishayeyusha theluji ni habari nyingine kabisa. Mi huwa nasimama kwanza nasikiliza, nikisikia mawe yanagongana chini ya maji sivuki.

Miwani ya jua usiisahau, theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi na macho utayasikia yanawaka usiku.

Sasa kinachoniudhi kweli ni hii tabia ya kufidia siku. Watu wamekwama siku mbili, basi wanaunganisha kambi mbili kwa siku moja ili ratiba ikae sawa. Mwili haujui ratiba! Ukishapita mita 3,000 inashauriwa usipandishe sehemu ya kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na zile siku ulizokaa hemani zimekusaidia kuzoea kimo cha kambi hiyo, si cha kambi ya juu. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu juu, huko ndo utajua hakuna ulichookoa.

Kwahiyo kama mimi ndo naamua, siku ya kwanza ya jua tunaanika vitu, tunapanda kidogo bila mizigo mizito tuone njia ikoje, tunarudi kulala palepale. Kesho yake tunaondoka saa tisa au saa kumi usiku wakati kila kitu bado kimeganda, na saa ya kugeuza tunakubaliana tukiwa bado hemani, kabla kilele hakijaanza kutuita, kwasababu mawingu na radi za mchana hazingoji mtu aliyebakiza mita mia moja.

Najua wengi hawafanyi hivi kwasababu safari imepangwa bila siku hata moja ya akiba, na hapo lawama siwapi wapandaji peke yao, waandaaji wanaouza safari fupi kwa sababu ni rahisi kuuzika wanatuweka pabaya. Kabla hujalipa uliza ratiba ina siku ngapi za kusubiri hali ya hewa. Wakikwambia hakuna, mi singeenda, na wewe pia nakuomba usiende.