Nukta moja, saa tatu nzima

Hivi nani aliamua ufuatiliaji wa seva yetu ya kuendeshea programu uje ukiwa umezimwa? Jana seva inakokota, watu wanalalamika, nami nafungua mstari wa amri, pale unapoandika amri kwa maneno, nione kumbukumbu (memori) imebaki kiasi gani. Jibu: hakuna data. Kumbe kila moduli, yaani kila sehemu ya seva, ina swichi yake, na zote zimelala.

Haya, tuwashe. Jina la mpangilio refu kama treni, maneno matano yameungwa kwa nukta, kila neno ngazi moja. Na programu yangu, kwa bahati mbaya, ina nukta kwenye jina: toleo la 2.1. Seva inadhani hiyo nukta ni ngazi nyingine. Naitangulizia mkwaju wa nyuma (\) ili isomwe kama nukta tu; sheli, ile programu inayopokea amri ninazoandika, inaumeza kabla haujafika kwenye seva. Naweka miwili, ndiyo inapita. Kinyota (*) cha kuomba takwimu zote nacho, usipokifunga kwenye alama za nukuu, sheli inaweza kukigeuza majina ya mafaili yaliyomo kwenye folda!

Ukikosea herufi moja unaambiwa tu "haikupatikana". Nini hicho? Kimya.

Takwimu zilipoanza kuingia, seva ilikuwa imeshapona yenyewe. Ilikuwa inaumwa nini, sijui mpaka sasa.