Dublin: baa moja tu kwa jioni

Mtu akishakata tiketi ya Dublin, haipiti wiki ananiandikia: nipe orodha ya baa. Na orodha anayoitaka ni ndefu, kumi au kumi na mbili za kuzungukia usiku mmoja, nusu saa hapa, nusu saa pale, piga picha, twende. Jibu langu huwa linawaudhi. Chagua moja. Nenda saa 10 jioni kabla watu wa ofisini hawajamwagika, kaa kwenye kaunta, na usinyanyuke mpaka umjue hata mtu mmoja kwa jina.

Sisemi hivi kwa sababu ya utu uzima, ingawa nao umo. Nasema kwa sababu baa ya Dublin haikutengenezewa mpita njia. Ni kijiwe chenye paa na bomba la bia. Watu wanakwenda kusemezana, na kinywaji ni kodi ya kiti. Wenyewe wana neno lao, craic, linalotamkwa "kraki", ambalo ndani yake mna soga, utani, umbea kidogo na raha ya kuwa pamoja, vyote chungu kimoja. Ukitoka baada ya nusu saa, kodi umelipa na kiti hukukikalia.

Najua utaanzia Temple Bar. Wote tulianzia huko. Kwanza ufahamu kwamba jina hilo halitokani na kilevi: Temple ni familia iliyokuwa na nyumba na bustani maeneo hayo katika karne ya 17, na "bar" inasemekana ni ule ukingo wa mto Liffey. Katika miaka ya 1980 shirika la usafiri wa umma lilikuwa likinunua majengo ya pale ili liyabomoe lijenge kituo kikuu cha mabasi. Wakati likisubiri, likayapangisha kwa bei ya kutupa. Wachoraji, wanamuziki na wauza nguo za mitumba wakahamia, mtaa ukachangamka, na mwaka 1991 serikali ikaamua kuuokoa badala ya kuubomoa. Kwa hiyo mtaa uliookolewa na watu wasio na hela ndio leo wenye bia ghali kuliko mitaa mingine ya mji. Kwingine painti ya Guinness utaipata kwa euro 6 au 7. Pale usiku ukiwa mkubwa jiandae kwa 10 na ushee. Pita mchana, tazama rangi nyekundu ya ile baa iliyo kwenye kila kadi ya posta, halafu vuka mto au panda juu kidogo kusini. Waliobaki ndani ni wageni wenzako wanaoimbiana nyimbo za Kiayalandi walizojifunza kwenye ndege.

Tuje kwenye glasi yenyewe, maana hapa ndipo mgeni anapojulikana kabla hajafungua mdomo. Mhudumu anailaza glasi chini ya bomba, anaijaza robo tatu na zaidi, anaiweka juu ya kaunta, anaondoka zake. Usinyooshe mkono. Mimi nilinyoosha. Mzee aliyekaa pembeni yangu akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu bila kusema lolote, kama unavyomzuia mtoto asiguse sufuria ya moto, akaendelea na gazeti lake. Basi nikatulia nikaitazama. Ndani ya glasi palikuwa na wingu la rangi ya chai ya maziwa, na wingu lile lilikuwa linashuka. Gesi iliyomo ni naitrojeni, viputo vyake ni vidogo mno. Vinapanda katikati na kuchochea mkondo unaorudi chini kandokando ya kioo, kwa hiyo unachokiona wewe wa nje ni maporomoko. Weusi unaanzia chini, unapanda taratibu kama maji yanayojaa kisimani. Mhudumu anarudi, anamalizia juu mpaka povu linabenuka kidogo kuzidi ukingo bila kumwagika. Kampuni yenyewe ilitangaza kwamba kazi hiyo inachukua sekunde 119.5. Hayo ni maneno ya matangazo; sijamwona mhudumu hata mmoja anayetazama saa. Wanatazama rangi.

Na kama Guinness unayoijua ni ile ya chupa inayouzwa Afrika, sahau ulichozoea. Ile ni kali, ina gesi inayochoma ulimi. Hii ya bomba ina kilevi cha asilimia 4.2 tu, na inateremka kooni laini kama uji. Rafiki yangu mmoja aliionja akauliza kama wameichanganya na maji. Alipofika ya tatu hakuuliza tena. Arthur Guinness, mwaka 1759, alisaini mkataba wa kukodi kiwanda cha St. James's Gate kwa miaka 9,000, pauni 45 kwa mwaka; mtu wa namna hiyo hawezi kukuharakishia bia.

Sasa raundi. Hapa wengi tunaaibika, na mimi niliaibika vizuri.

Wiki yangu ya kwanza nilikaribishwa kwenye meza ya wanaume watatu. Wa kwanza akaleta glasi nne. Tukapiga soga. Wa pili akaleta nne. Nikawaza, jamani, watu hawa ni wakarimu kupita maelezo. Nikamaliza ya pili, nikawashika mikono mmoja mmoja, nikashukuru kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani, nikavaa koti nikaenda kulala. Hakuna aliyenung'unika. Kesho yake jioni nikarudi baa ileile, nikaagiza painti moja. Mhudumu akashusha glasi nne, akazipanga chini ya bomba moja baada ya nyingine, akaanza kujaza. Nikamwambia nimeagiza moja. Hakunijibu, alielekeza kidevu kwenye meza ya kona. Walikuwa wamekaa palepale, wanatazama televisheni kwa bidii sana.

Raundi si ofa. Ofa unapewa ukashukuru, ikaisha. Raundi ni mkopo, na kila aliye mezani anajua zamu ya nani bila kuandika popote. Ukikubali glasi ya kwanza umeingia kwenye mchezo, na hutoki mpaka umenunua. Ndiyo maana, ukikuta kundi la watu sita na tumbo lako ni la mbili, sema mapema kwamba utajinunulia mwenyewe, hakuna atakayekasirika. Au nunua raundi yako kwanza kabisa, kisha uko huru kuondoka ukiwa unadai, jambo ambalo ni heshima. Unaweza pia kuagiza "glass", ambayo kule maana yake ni nusu painti, na painti nzima ni mililita 568. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ireland ilikuwa hata na chama cha kupinga desturi hii, wanachama wakiahidi kutomnunulia mtu kinywaji na kutokubali kununuliwa. Chama kilikufa zamani. Raundi inaendelea.

Haya, mnataka majina. Nitataja machache, na kumbuka sharti: moja kwa jioni.

Ningekupeleka kwanza Grogan's, South William Street. Hakuna muziki, hakuna televisheni, na ukutani kuna picha za wachoraji zinazouzwa, nyingine nzuri, nyingine Mungu anisamehe. Chakula ni mkate wa nyama na jibini uliobanwa kwenye moto, basi. Kelele zote unazosikia mle ni za midomo ya watu. Hali ya hewa ikiruhusu wanakaa nje kwenye viti vilivyojaa njia, na mvua ya manyunyu huko haihesabiwi kuwa mvua.

Toners, Baggot Street, nenda kwa ajili ya snug. Hiki ni kijichumba cha mbao kando ya kaunta, chenye mlango wake na kidirisha cha kupitishia vinywaji. Wakati ambapo mwanamke kuonekana akinywa baa ilikuwa fedheha, ndiko alikokaa. Padri na askari nao walikimbilia humo kwa sababu zao. Siku hizi watu wanakigombania. Hadithi ya mji inasema mshairi W.B. Yeats, ambaye hakuwa mtu wa baa, alipelekwa Toners siku moja, akanywa glasi ya mvinyo wa sheri, akasema sasa ameiona baa, arudishwe nyumbani. Kweli au uongo, nampenda Yeats wa hadithi hiyo kuliko wale wanaodai kila mwandishi wa Ireland alilala chini ya meza yao.

Ukitaka vioo vikubwa, mbao nyekundu na saa za kale, ingia Long Hall. Ukitaka kusema ulikuwa baa kongwe kuliko zote, nenda Brazen Head karibu na mto, ukutani wameandika 1198. Jengo unalolikalia ni la karne ya 18, lakini usianze ubishi huo ukiwa ndani.

Muziki ni Cobblestone, mtaa wa Smithfield, upande wa kaskazini wa mto ambako vitabu vya wageni huwa vinachoka kufika. Wenyewe wanajitania kwamba wao ni baa ya kunywa yenye tatizo la muziki. Wapigaji wanakaa pembeni ya mlango, wamezunguka meza kama wachezaji karata: fidla, filimbi, banjo, zumari za mfuko wa kukandamizwa kwa kiwiko. Hakuna jukwaa. Hawapigii wateja, wanapigiana wao kwa wao; wewe umebahatika kuwepo. Kwa hiyo karibu yao sauti inashushwa, na nyimbo haziagizwi. Akianza mtu kuimba peke yake bila ala, baa nzima inanyamaza, hata mashine ya kahawa inasubiri. Mwaka 2021 mwekezaji aliomba kibali cha kujenga hoteli juu na kuzunguka jengo lile. Watu waliandamana barabarani wakiwa na ala zao, na halmashauri ya jiji ikakataa ombi.

Ya mwisho, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ni ya Glasnevin, nje kidogo ya katikati ya mji. Jina lake ni John Kavanagh, lakini kila mtu anaiita Gravediggers, yaani Wachimba Kaburi, kwa kuwa imeegemea ukuta wa makaburi makubwa ya Glasnevin. Ilifunguliwa mwaka 1833, mwaka mmoja baada ya makaburi yenyewe. Wanasimulia kwamba wachimbaji walikuwa wakigonga ukuta kwa sepetu, wakapitishiwa bia upande wa pili. Hapa napo hakuna muziki wala televisheni. Benchi ni za mbao ngumu, sakafu imechakaa, na ukienda siku yenye mazishi utakuta familia zimevaa nyeusi, zinalia na kucheka kwenye meza moja. Usiwapige picha.

Kwa msiokunywa, msidhani haya hayawahusu. Ireland ina walevi wake na ina waliokula kiapo pia. Padri Theobald Mathew alianza kampeni ya kiapo cha kuacha pombe mwaka 1838, umati ukamfuata, na sanamu yake imesimama O'Connell Street, hatua chache kutoka kwenye baa nyingi tu. Mpaka leo utaona wazee wenye kibeji kidogo kifuani, alama ya chama cha wasiokunywa, wamekaa baa na chai yao usiku mzima wakibishana kuliko walevi. Agiza chai, agiza soda, agiza Guinness isiyo na kilevi. Zamu yako ya raundi inabaki palepale.

Mengine ni madogo. Kwenye kaunta bakshishi haidaiwi. Ukiletewa mezani, acha chochote. Sigara ni nje: tangu tarehe 29 Machi 2004 Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku uvutaji ndani ya sehemu zote za kazi, baa zikiwemo, na siku hizi nusu ya mazungumzo matamu yanafanyika mlangoni kwenye baridi pamoja na wavutaji. Umri ni miaka 18, na walinzi wa milango wanapenda kuona kitambulisho. Watoto wanaingia na wazazi, ila kwa kawaida saa 3 usiku wanatakiwa wawe wametoka, saa 4 wakati wa kiangazi. Ijumaa Kuu ilikuwa siku ya baa kufungwa kwa sheria ya mwaka 1927 mpaka ilipobadilishwa mwaka 2018, kwa hiyo kitabu cha zamani kikikutisha juu ya Pasaka, kipuuze.

Kuhusu kufunga, sheria ya kawaida ni saa 5:30 usiku Jumatatu hadi Alhamisi, saa 6:30 Ijumaa na Jumamosi, saa 5 Jumapili, isipokuwa zile zenye kibali maalumu ambazo hukesha mpaka saa 8:30. Hutatangaziwa kwa kipaza sauti. Taa zitazimwa na kuwashwa mara mbili, haraka, na mgeni ataruka akidhani ni umeme. Wenyeji hawainui hata macho. Huo ni wito wa mwisho wa kuagiza. Baada yake unayo nusu saa kamili ya kumalizia kilichomo kwenye glasi, na ndiyo nusu saa ambayo yule mzee wa gazeti, aliyekaa kimya tangu saa 10 jioni, atakugeukia na kukuuliza jina lako na umetokea wapi.