Mwanafunzi wa Lindi Aliyeko Berlin Afungue Simu Mbele ya Mifupa ya Tendaguru

Vijana wa Lindi na Mtwara wanaopata nafasi ya kusoma Ulaya huondoka na simu zenye ramani, programu ya kutafsiri, kundi la WhatsApp la familia na jingine la Watanzania walioko huko waendako. Vyote vinafaa, hasa wiki za mwanzo, mtu anapokuwa hajui hata nauli ya treni inalipiwa wapi. Hofu yangu ni kwamba vikiishia hapo, kijana anaweza kumaliza shahada bila kuwahi kuzungumza jambo zito na mwenyeji wake hata mmoja.

Wapo wanaodhani dawa yake ni kuwakutanisha wanafunzi wa pande mbili kwa video. Mimi naona mikutano hiyo hukauka upesi, kwa kuwa watu wakishaulizana kuhusu vyakula na mavazi hawana la kuendelea nalo. Kinachohitajika ni jambo ambalo kila upande unalijua nusu, na sisi wa Kusini tunalo.

Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati nchi ilikuwa bado inauguza majeraha ya Vita vya Majimaji, Wajerumani walichimbua huko Tendaguru, mkoani Lindi, zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi ili isafirishwe. Mifupa mikubwa kuliko yote ilisimamishwa mwaka 1937 katika makumbusho ya historia asilia ya Berlin, na sasa ina kimo cha zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alikumbukwa na wanasayansi mwaka 2007 tu, walipomwita dinosaria mmoja Australodocus bohetii.

Mwanafunzi wetu aliyeko Berlin anaweza kusimama katika ukumbi ule pamoja na mwenzake Mjerumani, akapiga simu ya video kwa darasa la sekondari mjini Lindi, yule Mjerumani akawasomea maandishi ya pale na kueleza alichofundishwa shuleni, kama alifundishwa chochote. Tofauti ya saa ni moja au mbili tu, kutegemea majira. Wanafunzi wa Lindi nao warekodi masimulizi ya wazee wa vijiji vya karibu na Tendaguru. Mzee akisimulia kwa Kimwera, programu ya kutafsiri haitafua dafu. Itabidi wanafunzi wayaweke kwa Kiswahili, na aliyeko Berlin ayafikishe kwa Kijerumani akisaidiwa na mwenzake, na katika kubishana juu ya tafsiri ndipo watakapojuana. Bando likiwa dogo, sauti zilizorekodiwa zinatosha. (Mtandao wenyewe tunaujua.)

Swali la kurudisha mifupa litazuka, na si la kukwepa. Huenda Mjerumani akasema imetunzwa vizuri kule, na mwanafunzi wa Lindi akauliza kwa nini anayetaka kuiona lazima aombe viza. Mwalimu wa historia asiharakishe kuwapatanisha. Mazungumzo ya kwanza yafanyike hata kabla kijana hajapanda ndege, ili afikapo Berlin awe tayari na mtu wa kuendelea kubishana naye.